Banda jepesi la kuku kwenye upepo wa Makambako

Watu wengi wa huku kwetu wakisikia upepo wanawaza uzito. Ukimwambia jirani kwamba unataka banda la kuku la kuhamishika, kwanza atakuuliza kama halitaruka, kisha atakushauri uongeze mbao nene, upange matofali pembeni na uweke mawe juu ya bati. Mawe juu ya bati utayaona ukitoka Makambako kwenda Wanging'ombe, ukishuka Igawa, ukielekea Njombe. Watu wanaujua upepo wao na wanajitetea wanavyoweza. Lakini kwa banda la kuhamishika mimi nauona uzito kuwa jibu lisilofaa kabisa, na naandika haya yote kwa urefu kwa sababu nimeona kina mama wakiacha ufugaji unaolipa shamba vizuri, eti kwa kuwa banda walilojengewa halinyanyuliki.

Niueleze kwanza upepo wenyewe. Makambako ipo juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwenye uwanda ulio wazi ambapo barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana na reli ya TAZARA na njia ya Njombe na Songea inaanza. Waliokuja kutafuta upepo wa kufulia umeme walipima hapa na Singida, na wastani wa Makambako ulikuwa mita 8.9 kwa sekunde, Singida 9.9, kwenye kimo cha mita 30. Chini kwenye matuta upepo hupungua, maana nyasi, ua na nyumba huukwamisha. Ila huo ni wastani. Banda halipinduliwi na wastani, linapinduliwa na pigo moja la ghafla alasiri ya Agosti, vumbi likiwa limefunika barabara na kina mama wa sokoni wameshika maturubai yao kwa mikono miwili.

Kitu kinachonifanya niumie zaidi na habari hii ni majira. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Mahindi tunapanda Novemba na Desemba, tunavuna Juni na Julai. Shamba linabaki tupu kuanzia hapo hadi mvua zirudi, na huo ndio muda ambao kuku wangeweza kutembezwa juu yake, wale punje zilizodondoka, wadudu na magugu, waache mbolea kila hatua. Ndio muda huohuo kusi inavuma kwa nguvu kuliko wakati mwingine wote wa mwaka. Kwa hiyo mtu anayesema atalitumia banda la kuhamisha upepo ukitulia anasema, bila kujua, kwamba hatalitumia shambani.

Faida ya kuhamisha si ndogo. Kuku mkubwa hutoa kama gramu 100 hivi za kinyesi kibichi kwa siku, na kwenye kuku kumi hiyo ni kilo nzima kila siku inayodondoka pale unapotaka idondoke, bila koleo wala toroli. Upande wa afya ni mkubwa zaidi. Koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza vifaranga, huenea kwa vijiyai vinavyotoka na kinyesi, na vijiyai hivyo huhitaji siku moja au mbili na zaidi kwenye unyevu na joto kabla ya kuweza kumwambukiza kuku mwingine. Ukilisogeza banda kila asubuhi, kuku anakuwa ameshaondoka kabla ya uchafu wake kuwa hatari kwake. Ukiliacha wiki mbili mahali pamoja, faida hiyo huna tena. (Kideri, ugonjwa mwingine unaoua kuku, ni jambo jingine. Hakuna banda linalozuia kideri. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, haina mbadala.)

Neno lenye uzito hapo ni "kila asubuhi". Nani analisogeza kila asubuhi? Kwenye nyumba nyingi ninazozifahamu ni mama na mtoto wa shule kabla hajavaa sare. Baba yupo kazini au safarini, na hata akiwepo, kazi ya kuku huku kwetu inahesabiwa kuwa ya mama. Basi kipimo cha banda kianzie kwenye mikono hiyo. Nilipokwenda kwa fundi kuagiza la kwangu, alianza kuchora la mbao za inchi mbili kwa nne, bati mpaka chini, sakafu ya mbao.

"Fundi," nikamwambia, "hilo tutalinyanyuaje mimi na binti yangu?"

"Mama, upepo wa hapa hauchezewi. Unataka mti wa maana."

"Nauelewa upepo. Lakini kama hatuwezi kulinyanyua, litakaa palepale, na likikaa palepale ningejenga la matofali."

Ni fundi mzuri na alikuwa na nia njema. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza tunaweza kubeba kiasi gani. Nikamjibu: ndoo ya maji ya lita 20, ambayo binti yangu anaibeba kila siku. Tukakubaliana kwamba kila upande wa banda usizidi ndoo hiyo moja. Banda zima lisivuke kilo 40. Baada ya hapo mazungumzo yakawa matamu sana, kwa sababu fundi akishapewa mpaka ulio wazi anaanza kufikiri kwa namna nyingine.

Twende kwenye hesabu, maana ndiyo iliyonishawishi mimi. Msukumo wa upepo hauongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Kwa hewa ya huku juu, ambayo ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, upepo wa mita 9 kwa sekunde unasukuma ukuta kwa nguvu ya kama kilo 4 kwa kila mita ya mraba. Ukifika mita 18 inakuwa kilo 16. Pigo la mita 25, ambalo ni kilomita 90 kwa saa, linafika kilo 32. Sasa chukua banda la sanduku lenye ubavu wa futi 8 kwa futi 4, limezibwa lote. Ubavu huo ni karibu mita za mraba 3. Kwa mita 18 unasukumwa kwa kilo 47 au 48, kwa mita 25 kwa zaidi ya kilo 90, na hapo bado hujahesabu upepo unaopita juu ya paa na kulivuta kwenda juu. Ukitaka kulishinda pigo hilo kwa uzito peke yake itabidi ujenge banda la kilo mia na zaidi. Wanaume wanne wanalisogeza mara moja, siku ya pili hawaji.

Ndiyo maana nasema uzito tuuache. Yapo mambo matatu yanayofanya kazi kuliko uzito: umbo, matundu, na ardhi.

Umbo tulilochagua ni pembetatu, kama hema. Hapo fundi alinifurahisha kwa namna alivyokata mbao. Mbao za huku zinakuja za futi 12, nyingi ni msindano kutoka Mufindi, kule kwenye msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti ya kupandwa kuliko yote ya serikali nchini. Mbao ya futi 12 ukiikata mara moja unapata ya futi 8 na ya futi 4. Mbili za namna hiyo zinatoa fremu yote ya chini, ndefu mbili na fupi mbili, bila kipande kutupwa. Ukichukua nyingine mbili nyembamba, za inchi moja kwa mbili, ukazikata kila moja mara mbili, unapata vipande sita vya futi 4, na hivyo ni jozi tatu za kusimamisha pembetatu. Kitako futi 4, kila ubavu futi 4, pande zote sawa. Kimo chake kinafika mita moja na kidogo tu. Fremu ya chini ni ya mbili kwa mbili, zile mafundi wanaziita papi, na juu kote ni moja kwa mbili.

Nunua mbao kavu. Nasisitiza hili kwa sababu mbao mbichi iliyotoka kupasuliwa inaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya kavu, na ikija kukauka ikiwa imeshapigwa misumari inajipinda na kulegeza kila kiungo. Papi moja ya futi 12 iliyokauka vizuri ina kilo 4 na nusu hivi. Ukiishika mkononi utajua. Kama inakulemea na ni baridi ukiigusa, mrudishie muuzaji au ulipe, kisha uianike kivulini wiki kadhaa.

Pembetatu haipindiki kwa namna sanduku linavyopindika. Sanduku ukilisukuma juu linalala upande, misumari inabaki ndiyo pekee inayopigana. Pembetatu haiwezi kulala mpaka mti wenyewe ukatike. Ila kwa urefu, kuanzia mbele kwenda nyuma, bado inaweza kuyumba, kwa hiyo kila ubavu uwe na mshazari mmoja, mbao nyembamba kutoka chini kwenye kona hadi juu karibu na mgongo. Huo mshazari una uzito mdogo sana kwa kazi unayofanya, na mabanda mengi niliyoyaona yamelegea hayakuwa nao.

Matundu sasa. Nusu ya banda ni chumba cha kulala, nusu ni uwanja wa wavu mtupu. Nusu ya wavu upepo unapita zake. Nusu iliyozibwa, ukiiangalia kwa ubavu, inaukabili upepo kwa mita ya mraba moja na robo tu. Kwa pigo la mita 18 hiyo ni kilo 20 badala ya 47. Halafu ukiligeuza banda, ncha yake nyembamba ikaangalia kusini mashariki kusi inakotoka, eneo linaloukabili upepo linabaki kama mita ya mraba 0.6. Pigo lilelile la mita 25 lililokuwa likisukuma sanduku kwa kilo 90 na zaidi sasa linasukuma kilo 20, tena kwa urefu wa banda, upande ambao ni vigumu kabisa kulipindua.

Hili la kugeuza ncha halina gharama hata ya shilingi moja, na ndilo ningetaka msomaji alichukue hata kama mengine yote atayaacha. Hata njia ya kusogeza inafuata hapo. Nikilisukuma banda kwa urefu wake asubuhi, linasonga kwenye mstari uleule wa kusi, siku hadi siku, mpaka mwisho wa shamba. Kisha linahamishiwa mstari wa pili na kurudi bila kugeuzwa, chumba kikiwa bado upande wa kusi.

Chumba kiwe upande upepo unakotoka, ncha yake imezibwa kwa mbao nyepesi, uwanja uwe nyuma yake. Kuku wakiwa nje kwenye wavu wanakingwa na chumba chao wenyewe. Mlango nao uwe upande wa pili, kaskazini magharibi. Mlango unaofunguka kuelekea upepo utakunyang'anya bawaba siku yoyote, na ukiwa wazi upepo unajaa ndani ya chumba na kulisukuma paa kutoka chini.

Kuhusu paa tuliongea sana. Bati la geji 30 lina kama kilo 2 na nusu kwa mita ya mraba, na chumba chote kinahitaji chini ya mita 3 za mraba, kwa hiyo uzito si mkubwa. Shida ni misumari. Upepo wetu hauvuti mara moja ukaacha, unatikisa usiku kucha, na msumari wa bati uliopigwa kwenye mbao nyembamba unatoka polepole bila mtu kuona. Weka skrubu zenye mpira chini ya kichwa, na kwenye kingo ziwe karibukaribu kuliko katikati, kwa sababu bati huanza kufunuka kwenye ukingo. Usiache bati lichomoze nje ya fremu zaidi ya upana wa vidole vichache. Wapo wanaopenda kuliacha lichomoze kuzuia mvua, lakini kipande hicho ndicho upepo unachokishika. Kila jozi ya pembetatu ifungwe pia kwenye fremu ya chini kwa waya ule wa kufungia nondo, usokotwe kwa koleo. Skrubu zikilegea, waya unabaki.

Turubai linafaa kama bati limekushinda bei, kwa sharti moja. Livutwe mpaka likaze na libanwe kwa vipande virefu vya mbao pande zote, si kwa misumari yenye vichwa vidogo. Turubai linalopigapiga linajichana lenyewe kwa msimu mmoja.

Mianzi pia. Iringa na Njombe hatuna uhaba wa mianzi, na wazee wetu wanaitunza kwa ajili ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mwanzi ni mwepesi kuliko mbao kwa nguvu ileile, na ningependa kuona mabanda mengi zaidi ya mianzi. Ukate uliokomaa, miaka mitatu na kuendelea, kipindi cha kiangazi, uuloweke majini wiki kadhaa ili bungua wasipate cha kula ndani yake. Usipige msumari kwenye mwanzi, utapasuka. Kata mpira wa ndani wa tairi kuwa mikanda, ufunge viungo kwa kuuvuta kwa nguvu zote. Mpira unabana hata mwanzi unaponywea, kitu ambacho kamba ya katani haiwezi. Shangazi yangu ana banda la namna hiyo na viungo vyake ni vigumu mpaka leo. Ninapokwenda kumsalimu ananipokea na "Kamwene, mwanangu" kisha moja kwa moja ananipeleka nyuma ya nyumba nikalitikise nione.

Umbo na matundu yakishapunguza msukumo, kilichobaki unakiachia ardhi. Mimi natumia vigingi vinne vya nondo ya milimita 12, kila kimoja sentimita 60, juu kimekunjwa ndoano. Kinapigwa kwa mshazari, kichwa kikiinamia mbali na banda. Ukikipiga wima au kikaelekea banda, kamba inakichomoa taratibu. Kutoka kwenye ndoano kamba inakwenda kwenye kona ya fremu ya chini, si juu kwenye mgongo. Kamba ya mgongoni inayumbisha mbao nyembamba na watoto wanajikwaa.

Udongo unabadilisha mambo. Kiangazi, udongo wetu mwekundu unakuwa mgumu na kigingi kinashika vizuri sana, kazi ni kukichomoa asubuhi, na hapo ndoano inasaidia kwa sababu unaingiza kipande cha nondo na kukizungusha. Masika udongo unalainika. Ndugu zetu wa Rungwe na Uyole, wenye udongo mweusi mwepesi wa volkano, wafikirie vigingi virefu zaidi, au vya mti wa mkaratusi vilivyo vinene. Kuna jirani aliyefanya kitu cha akili. Alipigilia vigingi vya kudumu kando ya tuta, kila baada ya urefu wa banda, mstari mzima. Yeye hachomoi chochote. Anasogeza banda na kufunga kamba kwenye kigingi kinachofuata.

Mbali na vigingi kuna madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Mawili, moja kila kona upande wa kusi, yakifungwa kwenye fremu ya chini, banda la kilo 35 linakuwa la 75. Asubuhi unamwagilia maji hayo mchicha au miche ya parachichi, unasogeza banda likiwa jepesi, unajaza tena jioni. Haya maji yasiwe ya kunywesha kuku. Kuku kumi wanakunywa lita 2 mpaka 3 kwa siku, na dumu la kunywesha linapungua uzito kimyakimya hadi usiku wa upepo linakuwa tupu. Mahali ambapo maji ni ya kufuata mbali, viroba vya mchanga vinafanya kazi ileile, ila hivyo itabidi uvibebe.

Magurudumu tuliyafikiria sana. Ya toroli yanatosha kwenye nyasi, lakini juu ya matuta ya mahindi yanakwama, na hapo magurudumu ya baiskeli iliyochakaa ni bora kwa kuwa ni makubwa na mepesi. Muhimu ni kwamba usiku banda lisikae juu ya magurudumu. Likikaa juu yake upepo unaingia chini, na chini ndiko unakolinyanyulia. Ekseli yetu ni kipande cha bomba kinachochomolewa kwa pini. Unasogeza, unachomoa, fremu inalala ardhini pande zote. Palipo na shimo chini ya fremu, ziba kwa udongo au nyasi zilizoshindiliwa.

Hapo kuna adui wa pili. Kicheche, kanu na nguchiro hawahitaji upepo, wanahitaji upenyo wa kuingiza kichwa. Wavu wa kuku wa kawaida, ule wa matundu ya pembe sita, unamzuia kuku asitoke lakini haumzuii mnyama mwenye meno. Chumba cha kulala kizungushiwe wavu mgumu wa nusu inchi popote penye uwazi. Kuzunguka fremu nimeweka ukanda wa wavu wa sentimita 30 unaolala juu ya ardhi kwa nje, umeshikwa kwa bawaba za waya ili ukunjwe wakati wa kusogeza. Mnyama anayechimba anaanzia pale ukuta unapogusa ardhi, anakutana na wavu, anahangaika na kuondoka. Ukanda huohuo unazuia upepo kuchungulia chini.

Ndani kuku wakae vizuri. Fito mbili zinakwenda kwa urefu wa chumba, kimo cha goti hivi, na kila moja inabeba kuku watano, karibu sentimita 24 kwa mmoja. Kiota kimoja au viwili pembeni vinatosha kwa idadi hiyo. Baridi ya Juni na Julai huku inauma, na kule Makete na Kitulo nyasi zinaamka na barafu, kwa hiyo watu wanaziba kila tundu. Naomba msizibe kila tundu. Kuku mkubwa mwenye manyoya makavu anaivumilia baridi, kinachomwangusha ni upepo unaopita juu ya mwili wake na hewa ya kinyesi inayochoma macho na mapafu. Acha tundu la wavu juu kabisa chini ya mgongo wa paa, upande wa kaskazini magharibi, juu ya vichwa vyao wanapolala. Hewa chafu inatoka, upepo hauwafikii. Asubuhi ingiza kichwa chumbani. Ukisikia macho yanawasha, ongeza tundu siku hiyohiyo.

Mahali pa kuliweka pana uzito sawa na banda lenyewe. Ukuta wa tofali nyuma ya banda unaonekana kinga nzuri, kumbe upepo unaruka juu yake na kuanguka upande wa pili kwa vurugu. Ua wa mbingobingo ni bora, kwa sababu unaupunguza upepo bila kuuzuia wote, na kinga yake inafika umbali wa karibu mara kumi ya kimo chake. Mbingobingo ya mita 2 na nusu inakupa mita 25 za shamba lenye utulivu, na ng'ombe wanakula. Safu ya miti ya mgrevilea inafanya hivyohivyo kwa umbali mkubwa zaidi. Chini ya mikaratusi mirefu usiweke banda wala usipumzike. Matawi yake yanakatika bila onyo.

Mpaka hapa nimeongea kama vile upepo wote unatoka kusini mashariki. Kiangazi karibu wote unatoka huko. Novemba mambo yanabadilika. Mvua za kwanza zinakuja na radi, na dakika chache kabla ya matone kuanguka unakuja upepo wa kutoka kwenye wingu lenyewe, popote wingu lilipo. Unaweza kutoka Njombe leo na Usangu kesho. Ncha nyembamba haisaidii tena, maana pigo linaweza kutua ubavuni. Banda lililosimama Agosti nzima kwa vigingi viwili vya upande wa kusi linapinduliwa na wingu la kwanza la Novemba, na wenyewe wanashangaa, kwa sababu walidhani msimu wa upepo umekwisha.

Kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba, kabla shamba halijatakiwa kwa mahindi, tunalileta banda nyumbani kwenye nyasi za pembeni mwa ua, mbali kidogo na bustani ya mboga zinazoliwa mbichi, maana kinyesi kibichi kinahitaji miezi kadhaa kabla ya kuwa salama karibu na saladi. Vigingi vyote vinne vinapigwa na madumu yanahamia moja kila ubavu. Kamba za nailoni zilizokaa kwenye jua la huku juu tangu Juni zinaonekana nzima, lakini ukizikunja zinatoa unga mweupe na nyuzi zinakatika. Hizo tunazitupa na kununua nyingine kabla ya radi ya kwanza, na binti yangu ndiye anayezikagua, fundo kwa fundo, kwa kuwa ana macho makali kuliko mimi.